Mkanda Usiofungwa

9 Juni

Shikamoo Mjomba,

Sisi huku wazima. Baridi imeingia mapema mwaka huu. Asubuhi nyasi zinaamka nyeupe na mbwa wanagoma kutoka bandani mpaka nipige bati. Mume wangu yuko safarini na lori lake. Alipita wiki iliyopita, akala, akalala, akaondoka, hata shati nililomfulia halikuwahi kukauka. Shoti, mbwa wangu, umri wa kutulia ameshafikia ila mwenyewe hajapewa habari. Mkaza mjomba hajambo? Na magoti yako je? Simu usihangaike nayo. Huku mpaka nipande kilima, na nikifika juu upepo ndio unaosikika, si mimi. Posta yetu ni lori la maziwa.

Nina shida moja. Msimu wa kwale unafunguliwa, na mwenzangu tuliyekuwa tunaongoza naye wawindaji ameacha kazi. Bosi amesema nitatosha peke yangu. Maana yake mbwa ni wangu, maji ni yangu, risasi za akiba ni zangu, na kila kwale atakayeanguka anaishia mgongoni kwangu, kuanzia umande mpaka jua la mchana. Kile kizibao kizima ulichonipa siku unastaafu uaskari wa wanyamapori kimechakaa, halafu kinanichemsha kama kiazi. Wageni wengi sasa wanavaa vile vya mikanda mitupu, kifua wazi, mifuko ubavuni na mfuko mkubwa nyuma. Wewe ndiye unayeviuza dukani. Nichagulie kimoja, Mjomba. Kiwe chepesi. Na usikawie, maana siku hizi kukaa nikisubiri kitu kunanitoa jasho.

Mpwa wako,
Kiguu na Njia

20 Juni

Marahaba, Kiguu na Njia,

Barua yako imefika ikinuka maziwa. Hatujambo. Mkaza mjomba wako anasema nimemlia sakafu yake kwa kutembea huku na huku jioni, eti mtu mzima akirudi kazini hukaa kwenye kiti. Dukani ni kuzuri. Kuna kivuli, kuna feni, kuna kiti cha kuzunguka. Magoti yanashukuru.

Sasa sikiliza vizuri. Kizibao cha mikanda si nguo, ni punda. Usikichague kwa rangi wala kwa wingi wa mifuko. Kichague kwa namna kinavyobeba. Na kinabeba kwa mkanda wa kiunoni. Ukiufunga vizuri, mzigo wote unakaa juu ya nyonga, na mabega yanabaki na kazi ya kuushikilia tu usikuvute nyuma. Kipimo chake ni hiki: ukishapakia kila kitu, upitishe vidole chini ya mikanda ya mabega. Vikipita bila kubanwa, hicho ni chako. Vikibanwa, kirudishe.

Halafu bega la kulia. Usikubali mkanda mnene mahali kitako cha bunduki kinapokaa, utajikuta unapiga mawingu. Mfuko wa nyuma ufunguke kwa pembeni ili uingize ndege bila kuvua, na ndani yake uwe wa kitambaa kinachooshwa damu ikatoka. Chupa za maji ziwe mbili, moja kila upande, la sivyo utatembea upande kama kaa. Rangi ni chungwa. Najua huipendi. Mtu anayemfuata kwale kwa mtutu haoni kitu kingine duniani, na mimi sitaki umfundishe mgeni adabu kwa mwili wako.

Nitumie kipimo cha kiuno, ujipime juu ya sweta.

Mjomba wako

2 Julai

Shikamoo Mjomba,

Huku salama. Mume wangu yuko huko huko barabarani. Msimu umefunguka, na wageni wa kwanza walikuwa mtu na mkwewe ambao hawakuzungumza neno mpaka walipokosa ndege mmoja wote wawili, hapo wakawa marafiki. Nalala vibaya kidogo. Naamka kabla ya mbwa, navaa viatu, nafika mlangoni, navivua. Ni mawazo ya msimu tu.

Kipimo cha kiuno sijakiweka kwa sababu nataka kisicho na mkanda wa kiunoni. Cha mabega peke yake. Najua ulivyoeleza, nimeisoma barua mara mbili. Wewe niletee tu kisicho na huo mkanda. Rangi hata iwe ya chungwa mpaka kwenye uzi, sitasema kitu.

Usiniulize sana, Mjomba. Msalimie mkaza mjomba.

Kiguu na Njia

25 Julai

Mpwa wangu,

Najua nimechelewa. Ni mambo ya dukani, si ya kuandikia barua.

Kisicho na mkanda wa kiunoni hakipo. Nimekitafuta huku na huku mpaka nikaanza kuulizwa kama niko sawa. Nilichokutumia ndani ya kifurushi hiki kina mkanda unaorefuka kuliko yote niliyowahi kuiona: ukiuvuta unamtosha mwembamba kama wewe, ukiulegeza unamzunguka mwenye kitambi cha miaka ishirini. Unavaliwa chini kwenye nyonga, tumbo haliguswi. Utazame kwanza kabla hujanuna.

Nilikijaribu mwenyewe. Niliweka chupa mbili za maji, nikatia unga mfuko wa nyuma badala ya ndege, nikaizunguka meza ya chakula nikipanda na kushuka kile kidaraja cha jikoni. Mkaza mjomba wako akanikuta. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaichukua barua yako pale mezani, akaisoma, kicheko kikakatika. Akasema, "Muulize mwanao kama anakula."

Nikamwambia, "Mtu anataka kizibao, wewe unazungumzia chakula."

Akasema, "Wewe muulize hivyo hivyo."

Basi nakuuliza. Unakula?

Mjomba

18 Agosti

Mjomba,

Nimeanguka. Unisamehe nimeanza bila salamu.

Ilikuwa juzi, tukirudi na wageni wawili. Walikuwa wamepiga vizuri, mfuko wa nyuma umejaa. Kizibao ni kizuri, Mjomba, ni kizuri kama ulivyosema, ila mkanda wa kiunoni sikuufunga. Nimekivaa wiki mbili ukiwa unaning'inia pande zote mbili kama masikio ya mbwa. Tulipofika kwenye kijito, pale pa kuvukia kwenye mawe, Shoti akaniruka mbele. Nikapinda kumkwepa. Mimi nilipinda, mzigo ukaendelea kwenda ulikokuwa unakwenda, ukanichukua. Niliangukia ubavu.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikaona damu, na haikuwa ya ndege.

Bosi mwenyewe ndiye aliyenipeleka zahanati, akiendesha gari kama amebeba mayai. Muuguzi akanipima, akaniuliza, "Mimba ina miezi mitano, na wewe unapanda milima na ndege mgongoni?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na huu mkanda mbona hukuufunga? Si unarefuka?"

Sikumjibu, ila wewe nitakujibu. Nilijaribu kuufunga siku ile ile ulipofika, mlango nimeufunga kwa ndani. Ili ukae ilibidi niurefushe. Nikashika ile klipu, mkono ukakataa. Kuurefusha ni kukiri, Mjomba. Unajua nimeshasema mara mbili. Mara mbili watu wamenishangilia, na mara mbili nimerudi kutoka hospitali mikono mitupu, wakawa wanapita mbali na mlango wangu wasijue pa kuweka macho. Safari hii nikasema sitamwambia mtu. Hata mume wangu sijamwambia. Nilidhani kisichotajwa hakisikii njia ya kuondoka.

Moyo wake unapiga. Muuguzi aliniwekea kile chombo sikioni nikausikia, unakwenda mbio kama wa ndege aliyeshikwa.

Nimeambiwa nisisimame, na nikae karibu na hospitali kubwa mpaka mwisho. Bosi hana ubaya, lakini wageni wa miezi miwili mbele wameshalipa, na nyumba hii inakwenda na kazi. Atavumilia wiki moja, kisha atatafuta mtu. Nimelala natazama dari. Miguu inatembea yenyewe ndani ya blanketi.

Sijui nimeandika ili ufanye nini.

Mpwa wako

22 Agosti

Mwanangu,

Jumamosi panda lori la maziwa, ukae mbele na dereva, na umwambie mimi ndiye nimesema aendeshe polepole. Mkaza mjomba wako ameshatandika chumba cha nyuma. Likirudi, mimi nitalipanda. Mwambie Bosi anayekuja aliifahamu ile milima kabla ya mabati ya nyumba yake kuezekwa, na mbwa hawatamshinda. Kizibao kiache.

Mumeo mwambie. Hilo siwezi kukusaidia.

Usinibishie.

Mjomba

8 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Tulipopishana pale stendi ulikuwa umeshapanda lori kabla sijamaliza kushuka. Nilitaka kukuambia Shoti hanywi maji yaliyolala, nikaona mgongo tu.

Nipo, nimelala kwa ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa. Chumba hiki nakijua sasa kuliko uso wangu. Mkaza mjomba ananilisha kama anashindana na mtu. Alinishika tumbo siku ya kwanza bila kuuliza, akasema, "Nililijua hili tangu ulipokataa mkanda," akaenda zake jikoni.

Mume wangu alifika Jumapili. Nilimwambia hapo hapo mlangoni, nikiwa nimesimama wakati sitakiwi kusimama.  Akanirudisha kitandani, akakaa ukingoni, halafu akatoka akaliosha lori lote, hata chini ya matairi. Aliporudi mikono ilikuwa imekunjamana kwa maji. Akaniuliza, "Ulikuwa unaogopa peke yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi sasa tuogope wote." Ameomba apewe safari fupi.

Sasa na mimi nina la kukuuliza. Juzi nilimwambia mkaza mjomba kwamba tumekuharibia kazi yako ya dukani. Akaacha kuchambua mchele.

"Kazi gani? Mjomba wako hana duka tangu Julai."

Kumbe ulimwambia mteja kizibao alichokishika hakimfai na chenye kumfaa hapo dukani hakipo, na mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yako. Na kumbe haikuwa mara ya kwanza. Mkaza mjomba anasema tangu ustaafu umekuwa ukizunguka humu ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo, na kwamba hilo jina la Kiguu na Njia ulinipa mimi lakini ni la kwako.

Mbona hukusema, Mjomba? Barua nzima umenisifia feni.

Mpwa wako

27 Septemba

Marahaba mwanangu,

Nafurahi kusikia mkwe wangu ameliosha lori. Mwanamume akikosa la kusema ni heri aoshe kitu.

Huku ni kuzuri mno. Nakwambia asubuhi ya jana ukungu ulikaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, na tulikuwa juu yake, mimi na mbwa na wageni watatu, hakuna aliyesema neno. Shoti akasimama ghafla, mguu mmoja juu, mkia umekaza. Nilikuwa nimesahau kimya kile, kabla ndege hawajaruka. Waliporuka sikutazama hata nani amepiga. Nilikuwa natazama mbwa.

Kizibao nimekifunga mkanda. Kinabeba vizuri, ila klipu ya kulia inagusa bunduki ukiinama, nimeisogeza kidogo kwa uzi. Bosi ananiita Mwalimu. Nimeanza kuwafundisha mbwa wawili wachanga wasikimbilie mlio wa bunduki. Magoti tusiyazungumzie.

Kuhusu duka, mkaza mjomba wako ana mdomo.

Lala kwa ubavu huo huo.

Mjomba

19 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Tunaendelea vizuri. Mtoto anapiga teke hasa nikinyamaza, nadhani hapendi utulivu, amerithi. Mume wangu analala nyumbani siku tatu kwa wiki na amejifunza kusuka mkeka wa plastiki kwa kukosa cha kufanya na mikono.

Msimu umefungwa tangu tarehe kumi. Lori la maziwa limeshashuka mara kadhaa, kila mara mkaza mjomba anatoa vikombe viwili, lori linapita, anarudisha kimoja kabatini.  Ukimjua utaogopa.

Dereva ametuambia Bosi amekununulia buti mpya, na kwamba mnapima mahali pa kujenga banda kubwa la mbwa. Nilicheka mbele yake. Alipoondoka nikashindwa kula.

Mjomba, nitakuuliza kama ulivyoniuliza wewe kama nakula, wazi wazi. Nafasi yangu ipo? Ile nyumba ni yangu bado? Nimelala hapa karibu miezi miwili kwenye kitanda chako nikijiambia kwamba mtoto akifika nitarudi milimani naye, nitamfunga mgongoni, atajua harufu ya zile nyasi. Kama si hivyo, niambie mapema. Mimi na wewe ugonjwa wetu ni mmoja, najua kukaa ndani kunavyokula mtu. Ndiyo maana nakuogopa.

Mpwa wako

11 Novemba

Mjomba, shikamoo. Sijapata jibu. Dereva anasema barua alikukabidhi mkononi, uliisoma umesimama, ukaitia mfukoni, ukawaita mbwa.

Mkaza mjomba hatoi tena vikombe viwili.

25 Novemba

Mjomba,

Amefika. Ni wa kike. Amewahi kidogo, ni mdogo, lakini sauti yake ilisikika mpaka nje ya wodi. Mume wangu alikuwa njiani, akafika na buti zina tope, akazivulia koridoni. Aliyenishika mkono usiku na mchana ni mkaza mjomba. Nilipoanza kusema haiwezekani, naye ataondoka kama wale, alinikamata uso akaniambia, "Tazama huku. Huyu ana haraka ya kuja, hana haraka ya kwenda."

Anapumua vizuri. Kila nikiamka naweka mkono.

Sitauliza tena habari ya kazi. Nakuarifu tu kwamba una mjukuu.

Mpwa wako

2 Desemba

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nyuma ya banda, nikalia, mbwa wakanizunguka wakidhani nimeumia. Mungu amkuze. Mbusu kwenye paji la uso, ila ndevu zangu usimwambie, ataziona mwenyewe.

Sasa nikujibu, maana nimekunyima jibu kwa muda usiosameheka.

Bosi alinipa nafasi yako. Hakuiita yako. Alisema, "Mwalimu, kaa." Akasema wewe utakuwa na mtoto mchanga, kazi hii huiwezi tena. Nilipaswa kumjibu pale pale. Badala yake nikasema nitafikiri, na nikafikiri kwa wiki nzima nikiwa nimevaa buti zake. Barua yako ilipokuja ilinikuta kwenye kufikiri huko. Kila asubuhi nilisema leo nitaandika, kisha jua linatoka, mbwa wanasimama mlangoni, na mimi naona bora kwanza nitembee. Usiku nakumbuka kwamba kule mjini kiti kinanisubiri, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Sikuwa nakuchukia, mwanangu. Niliipenda tu kazi yako zaidi ya ilivyoruhusiwa.

Juzi, baada ya barua yako, nilikwenda kwa Bosi. Nikamwambia, "Mtu unayemtaka si mimi. Mimi naijua milima kama ilivyokuwa. Yeye anaijua ilivyo. Na magoti yangu nimekuwa nikikuficha." Nikakunja suruali nikamwonyesha. Yamevimba, usimwambie mkaza mjomba wako, au mwambie, atayaona. Bosi aliinama akayatazama. Kisha akasema utarudi msimu ujao, nyumba ni yako, na mtoto atakuwa mtu wa kwanza kuzaliwa akiwa ameajiriwa. Nikamwomba na langu: kwamba msimu ukifunguka niruhusiwe kupanda mwezi mmoja nifundishe mbwa wachanga, bila mshahara. Amekubali. Lakini wa kukubali hasa ni wewe. Ukikataa sitanung'unika.

Nashuka na lori la Jumamosi ya wiki ijayo. Mwambie mkaza mjomba wako asinipikie, asinitengee kikombe, asinisalimie kama hataki. Aache tu mlango bila komeo.

Mjomba wako

7 Desemba

Shikamoo Mjomba,

Mtoto mzima, ananyonya kama ana deni. Mwezi mmoja ni mchache kwa mbwa wawili, njoo miwili.

Nimemsomea mkaza mjomba barua yako yote, na ya magoti. Alisikiliza akikunja nepi. Nilipomaliza alikunja nyingine tatu, kisha akasema nikuandikie hivi: komeo hataliweka, ila atakuwa amekaa nyuma ya mlango, na yeye hana haraka ya kuinuka.

Mpwa wako